Kombi haitaki haraka

Wanaosifia safari za Kombi huzungumzia kitanda, jiko la gesi na machweo. Mpira wa petroli hausemwi. Injini ya Kombi za zamani iko nyuma, haina rejeta, inapozwa kwa hewa tu. Mpira ukichakaa, petroli inadondoka juu ya chuma cha moto, na dereva anatazama mbele hana habari. Mpira mpya na klipu zake ni bei ya chipsi kuku. Badilisha kabla ya kuondoka, na kizimamoto kikae mlangoni, si chini ya magodoro.

Jambo la pili ni taa nyekundu ya chaji. Ikiwaka, simama palepale. Kwenye nyingi za injini hizi, mkanda unaoendesha chaji ndio huohuo unaozungusha feni, na bila feni injini haifiki mbali.

Sisi tulikwenda na Kombi yetu Mbeya kutoka Dar. Ndani ya hifadhi ya Mikumi kila mtu analazimika kupunguza mwendo. Kwetu ule ndio mwendo wa kawaida, basi twiga tuliwaona vizuri kuliko abiria wa mabasi. Mlima wa Kitonga ni habari nyingine. Kupanda, gia ya pili, unajibana kushoto, malori yanakupita (hapo hakuna cha kujivunia). Wakati wa kurudi, teremka kwa gia ileile uliyopandia. Ukiikalia breki, itachemka na kukosa nguvu. Sisi tuliikalia, na mke wangu ndiye aliyeanza kusikia harufu. Tulisimama Ruaha Mbuyuni, tukanunua vitunguu hadi ringi zikapoa.