Pumzi ya Injini Iliyoongezwa Nguvu

Kijana ameiongezea injini nguvu. Amefunga tabo kubwa zaidi, amebadilisha programu ya kompyuta ya gari, na gari lile lile linalowapeleka wadogo zake madrasa kila jioni sasa linanguruma kama la mashindano. Miezi michache baadaye moshi wa buluu unatoka nyuma, sakafu ya maegesho imejaa madoa ya oili, na mama analalamika kuwa harufu iliyomo ndani ya gari inamletea kichefuchefu. Fundi wa kwanza anatoa hukumu: tabo imekufa, tafuteni nyingine. Kabla baba hajafungua mkoba, ndugu msomaji, yafaa tulitazame jambo ambalo vijana wetu wanaofungua boneti kwenye maegesho baada ya swala ya Ijumaa hulizungumza kwa nadra, nalo ni namna injini inavyopumua.

Ringi za pistoni, hata zikiwa mpya, hazizibi silinda kikamilifu. Kila mafuta yanapowaka, sehemu ndogo ya gesi hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka katika tumbo la injini, pale krankishafti inapozungukia na oili inapokusanyika. Gesi hizo hubeba petroli isiyoungua, masizi na mvuke wa maji. Wengi hustaajabu wakiambiwa kwamba lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa ekzosi, lakini yale yanayoshuka tumboni yasipotolewa huchanganyika na oili na kuifanya tope.

Zamani gesi hizo zilitolewa kwa bomba lililoelekezwa chini ya gari, zikamwagwa barabarani. Ilipobainika kuwa zilikuwa miongoni mwa vyanzo vya ukungu mchafu ulioufunika mji wa Los Angeles, jimbo la California nchini Marekani liliagiza mwaka 1961 kwamba zidhibitiwe. Hapo ndipo ilipopata umaarufu valvu ndogo iitwayo PCV. Valvu hiyo huiacha manifoldi inyonye gesi kutoka tumboni na kuzirudisha zikaungue, huku hewa safi ikiingia upande wa pili kushika nafasi yake. Ni kifaa cha bei nafuu, na kazi yake ni kubwa mno.

Tabo huugeuza mpango huo juu chini. Dereva anapokanyaga mafuta, manifoldi iliyokuwa ikinyonya sasa imejaa hewa iliyoshindiliwa. PCV hulazimika kujifunga ili hewa hiyo isirudi tumboni, na gesi zote hubakiwa na njia moja tu, ule mpira unaokwenda mbele ya tabo. Ilhali huo ndio wakati ambapo gesi zinazopenya ringi ni nyingi kuliko wakati wowote. Mwenye kiwanda aliupima mpira ule kwa nguvu aliyoikusudia yeye, na kijana amekwisha kuizidisha.

Matokeo yake ni presha tumboni. Presha hutafuta upenyo: husukuma sili ya nyuma ya krankishafti, hutokeza oili kwenye gasketi za vifuniko vya valvu, na pengine hukirusha kijiti cha kupimia oili kutoka mahali pake. Oili ikidondokea ekzosi yenye moto, harufu ni jambo dogo. Gari huweza kuwaka. Na hapa ndipo hukumu ya yule fundi inapotiliwa shaka. Oili inayolainisha tabo hushuka kurudi chini kwa uzito wake yenyewe, haina pampu ya kuirudisha. Tumbo likijaa presha, oili hushindwa kushuka, hufurika ndani ya tabo na kupita kwenye sili zake hadi ekzosi. Moshi wa buluu hutoka, na tabo nzima hulaumiwa. Familia hununua nyingine, nayo huanza kufuka vile vile.

Magari ya Subaru yenye tabo, ambayo vijana wa mijini huyapenda sana, yana jambo lao la ziada. Silinda zake zimelala kushoto na kulia, hivyo gari linapokata kona kwa kasi oili hulundikana upande mmoja na kupanda katika mipira ya kupumulia. Ukungu wa oili ukifika kwenye silinda huipunguzia petroli uwezo wa kustahimili mgandamizo, injini ikagonga, na pistoni zikaharibika.

Tiba inayofaa ni mipira mipana zaidi pamoja na kopo la kunasia oili. Kutoka kipenyo cha milimita 10 hadi 19, nafasi ya kupitia huongezeka zaidi ya mara tatu. Kopo liwe na vizuizi au wavu ndani, kwani kopo tupu huipitisha oili kama lilivyoipokea, nalo lifungwe mahali penye ubaridi, mbali na ekzosi. Wapo wanaoziba PCV na kuacha kopo likipumua nje. Sioni hekima katika hilo kwa gari linalobeba watoto: moshi huingia ndani kupitia matundu ya hewa, na mnyonyo uliokuwa ukikausha oili hupotea. Gari la uwanja wa mashindano lina hesabu zake.

Hata hivyo, pima mgandamizo wa silinda kwanza. Ringi zikiwa zimekwisha, kopo litaficha ugonjwa tu. Kwenye injini nyingi, ukiweka kipande cha karatasi juu ya mdomo wa kujazia oili injini ikiunguruma polepole, karatasi huvutwa kidogo. Ikirushwa kwa nguvu, tumbo lina presha.

Kopo litazamwe kila wiki mpaka kasi ya kujaa kwake ijulikane. Uji mweupe kidogo kwa safari fupi fupi ni wa kawaida, lakini ukizidi huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Kilichomo kimiminwe ndani ya dumu la oili chafu, wala kisirudishwe kwenye injini.