Picha ya kilioni haithibitishi kitu
Hapa Likasi picha za kilio huanza kuzunguka WhatsApp hata kabla ya maziko. Mjane amenaswa mdomo wazi, na tayari mtu ameandika: "Anacheka!" Kama ukoo wa mume unamtazama vibaya, neno hilo linaweza kumpotezea nyumba.

Mwaka 2005 watafiti Ambadar, Schooler na Cohn waliwaonyesha watu nyuso zenye hisia hafifu. Nyuso zilizosogea zilitambuliwa vizuri kuliko picha tuli, hata picha kadhaa zilizofuatana. Huenda kilichosaidia ni kuona uso ukibadilika.

Anayelia na anayecheka wote hufungua mdomo na kukunja macho. Wasimamizi wa makundi wafute picha hizo. Na sisi waandishi tusiandike "amefurahi" chini ya picha ya mtu ambaye hatukumwona.