Vumbi ya twangaises inaonekana

Kule Kamituga, mama twangaises (neno letu, wakalivalisha Kifaransa) wanatwanga mawe ya dhahabu kutwa nzima, na watu wanasema vumbi iko kidogo tu. Jaribuni mu giza: mwenzako awashe torshi, wewe ficha balbu kwa kiganja, angalia upande mwangaza unatokea. Ile inayong'aa kama moshi ni unga wa jiwe. Chembe moja haionekani kwa macho, lakini zote zinatawanya mwangaza. Mashini za laser za kupima vumbi zinatumia njia hiyo hiyo. Unga huo unaleta silikosi, isiyopona. Kitambaa mu mdomo hakitoshi. Kulowanisha jiwe kunapunguza. Maji hayo, ma-PDG na koperative wayalipie wao.