Mpelelezi Binafsi Awe na Leseni

Yeyote anayelipwa kuchunguza maisha ya wengine hapa Kalemie hana budi kuwa na leseni yenye masharti yaliyoandikwa.

Kwanza, makampuni ya ulinzi yana kanuni zake tangu amri ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya 1998. Ikiwa kampuni ya mlinzi anayekesha kwenye ghala la bandarini inadaiwa kibali, anayetumwa na mfanyabiashara kufuatilia shehena iliyopungua njiani kutoka Kigoma naye adaiwe.

Pili, ibara ya 31 ya Katiba ya 2006 inalinda faragha ya kila mtu na siri ya mawasiliano yake. Mpelelezi anayetoa hongo apewe orodha ya simu za mke wa mteja wake anavunja haki hiyo, na mwanamke huyo hajui amshitaki nani.

Tatu, kumwita mtu kwa hati, kupekua nyumba na kumweka mtu ndani ni kazi ya polisi na parke. Pasipo mpaka ulio wazi, kitambulisho kilichochapwa kwenye duka la fotokopi kinatosha kumtisha raia.

Afrika Kusini iliwaweka wapelelezi binafsi chini ya sheria mwaka 2001, na Kenya 2016.

Wenye mamlaka, jimboni na Kinshasa, watoe masharti bila kuchelewa: cheti cha mwenendo mwema, mafunzo, daftari la majina ambalo raia anaweza kulisoma, na adhabu kwa atakayefanya kazi hiyo bila kibali.