Rangi ya Kifaru na Swali la Mtoto

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana niliketi nyuma ya darasa la sita, nikimkagua mwanachuo wetu mmoja aliyefundisha habari za Vita Kuu ya Pili katika jangwa la Afrika ya Kaskazini. Mezani aliweka mfano wa kifaru cha Waingereza, aina ya Matilda, aliouunda kwa maboksi na vibiriti vitupu. Aliupaka mabaka mapana yenye kingo zilizonyooka na kulala upande: rangi ya mchanga, bluu ya mbingu na kijivu kilichokolea. Zana ilipendeza mno. Ndipo mtoto mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, jangwani kuna nini cha bluu?" Mwanachuo akajibu kwamba ndivyo ilivyo kitabuni, akamwambia aketi. Nami katika fomu yangu niliandika "vizuri sana" mbele ya neno zana, na swali lile sikulitaja.

Mtoto yule alikuwa na haki. Tuliokosea ni sisi watu wazima wawili.

Mtindo ule wa kupaka ulikuwapo kweli. Vifaru vya Waingereza katika Misri na Libya vilipakwa hivyo mwaka 1940 na 1941, na mtindo wenyewe huitwa kwa jina la Brigedia John Caunter. Nia haikuwa kukificha kifaru kisionekane kabisa, maana jangwani hakuna kichaka. Nia ilikuwa kulivunja umbo lake, ili adui aliye mbali asitambue upesi ubavu ni upi na mbele ni wapi. Wazo la namna hiyo lilikwisha kutumika baharini mwaka 1917, mchoraji Mwingereza Norman Wilkinson alipopendekeza meli zipakwe mistari ya kuyakanganya macho ya mabaharia wa nyambizi.

Lakini bluu ilitoka wapi? Mojawapo ya rangi zilizoagizwa iliitwa kijivu cha fedha, na katika kadi za viwango vya rangi za Uingereza hicho ni kijivu kinachoelekea kijani. Miaka mingi baada ya vita, kifaru kilichohifadhiwa katika makumbusho kilipakwa upya kwa bluu. Wachoraji wa vitabu wakakiiga, na watengenezaji wa vikopo vya rangi za mifano wakafuata. Hivyo kosa likapata mashahidi wengi, kumbe wote walikuwa shahidi mmoja. Picha za wakati ule nazo, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe, hutuambia lipi lilikolea na lipi lilififia, basi. Tena zilikuwapo filamu za zamani zisizohisi wekundu: kitu chekundu kilitoka cheusi, na cha bluu kikatoka cheupe-cheupe.

Upande wa Wajerumani jambo ni gumu zaidi. Tangu Februari 1943 vifaru vyao vilitoka kiwandani vikiwa na manjano iliyokolea, na askari wakapewa makopo ya rangi nzito, ya kijani na ya hudhurungi, wachanganye wenyewe kwa maji au petroli. Aliyeongeza maji mengi alipata kijani hafifu. Aliyekosa muda alipaka kwa ufagio au kitambaa. Atakayesema kifaru cha 1944 kilikuwa na kijani kimoja tu cha sawasawa hajui asemalo.

Wakufunzi wenzangu hunijibu kwamba kipindi ni dakika 40, na kwamba mtoto wa shule ya msingi anataka jibu, hataki mashaka ya wataalamu. Hoja ya muda naikubali. Hiyo ya pili siikubali, kwa kuwa mtoto tuliyemkalisha ndiye aliyeanza kutia mashaka. Hakufundishwa na mtu.

Ndugu mwanachuo, ukitaka kuufundisha mfano wa namna hii, ulete darasani bila rangi. Waulize wanafunzi: tutajuaje? Watataja picha, waraka, kipande cha chuma kilichosalia, mzee aliyekuwako. Kisha wapime kila kimoja kinaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini. Baadaye wachanganye rangi kwa mikono yao. Manjano na nyeusi zikikutana huzaa kijani kilichofifia, na darasa lisiloamini na lijaribu kwa kopo moja la rangi na masizi ya chungu. Watoe pia nje, walitazame bati jekundu la nyumba ya jirani, kisha bati kama hilo lililo mbali ng'ambo ya bonde. La mbali litaonekana limepauka, kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Ndiyo maana waunda mifano wengi huipunguza ukali rangi ya kitu kidogo, kwa kuwa macho hukiona kama kikubwa kilicho mbali. Wapo wanaopinga, mimi niko pamoja na wanaopunguza, lakini wanafunzi waamue baada ya kuyaona mabati.

Alama za mwanachuo yule sikuzibadilisha, kwani zilikwisha kupelekwa. Nilimtafuta tu, nikamwambia niliyoyapata kuhusu ile bluu, naye akaniuliza jina la yule mtoto. Hakuna kati yetu aliyelijua. Katika fomu yangu ya ukaguzi nimeongeza mstari mmoja kwa kalamu, chini ya ule wa zana: "Mwanafunzi aliuliza nini, na alijibiwaje?"