Mikono ilikuwa inaomba, mimi nikajibu amina

Mzazi mwenzangu, hebu fungua WhatsApp yako uhesabu tangu asubuhi umetuma mara ngapi ile emoji ya mikono miwili iliyokutana. Ndiyo hii: 🙏. Mimi nilihesabu Jumapili iliyopita nikafika 17, na hapo hata kanisani nilikuwa sijaenda.

Nimeanza kuhesabu kwa sababu mikono hiyo iliniponza.

Binti yangu anasoma chuo Iringa, sisi tunaishi Uyole, Mbeya. Alipanga chumba Kihesa na mwenzake. Mwezi wa sita mwenzake akahama, kodi yote ikabaki kwake. Baba yake alikuwa ameshasema kwenye group la familia kwamba hela itapatikana viazi vikitoka shambani, watoto wavumilie. Basi siku moja saa mbili usiku, napakua chakula, ukaingia ujumbe: "Shikamoo mama. Mwenye nyumba amekuja 🙏".

Nikasoma huku mwiko mkononi. Nilichoelewa ni kwamba mwenye nyumba amekuja, wameongea, amekubali kusubiri, tumshukuru Mungu. Nikajibu: "Marahaba mwanangu. Amina 🙏". Nikarudi kwenye sufuria.

Yeye akaelewa kwamba mama hana kitu, ameamua kumwachia Mungu. Hakuandika tena.

Siku ya nne akanipigia mdogo wangu wa Mafinga. "Dada, hivi unajua mtoto analala chini kwa rafiki yake Mtwivila? Vyombo vyake vimefungiwa ndani." Kumbe siku ile mwenye nyumba alikuja kumpa siku mbili awe amelipa au ametoka. Mnaoijua baridi ya Iringa mwezi wa saba mtaelewa kwa nini sikulala usiku ule.

Hela tulikopa kwenye kikoba, asubuhi yake akafunguliwa chumba. Kilichoniuma ni kwamba mtoto aliniomba, na mimi nilimjibu. Angekuwa hakuniambia, ningemgombeza. Sasa ningemgombeza kwa lipi?

Wengi tunaiita emoji ya sala. Lakini ilipoingizwa mwaka 2010 kwenye Unicode, ule mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta na simu, ilipewa jina la mtu aliyekutanisha mikono, basi. Sala hatukuikuta kwenye jina. Hata neno emoji ni la Kijapani, "e" ni picha na "moji" ni herufi. Seti moja ya mwanzo iliyojulikana sana ni ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo, picha 176 alizozibuni Shigetaka Kurita mwaka 1999. Na huko Japani watu hukutanisha mikono wakiomba jambo, wakishukuru, wakitaka radhi, hata kabla ya kula. Kwa hiyo utata ulikuja nayo tangu kwao, sisi tumeuongeza tu.

Na tumeuongeza kweli. Kwenye group la msiba ni pole. Kwenye group la wazazi wa darasa la nne ni "nimeona tangazo, mwalimu". Shemeji yangu anaiweka mwisho wa kila sentensi, kwake ni nukta. Mweka hazina wa kamati ya harusi akikutumia peke yake, bila neno, hiyo si shukrani. Anakudai.

Kwa watoto wetu nadhani ina kazi moja zaidi. Huku kwetu mtoto aliyelelewa vizuri haombi mara mbili. Baba akishasema subirini, kurudia ni kukosa adabu. Sasa kajikono haka kanamsaidia kuomba bila kutamka neno "naomba". Nasi wazazi kanatusaidia kujibu bila kuuliza swali, tukaendelea na sufuria zetu. Kila mtu anaona ametimiza wajibu wake.

Mama mkwe wangu yuko Tukuyu, simu yake ni ya vitufe. Ukimpelekea kitu atapiga mwenyewe aseme "ndaga fijo", asante sana, na kwa sauti yake tu utajua kama ni asante ya furaha au kuna jambo analizunguka. Zamani mtoto akiwa na shida alikuja kupiga magoti jikoni na kukaa kimya, mama akauliza, "Kuna nini?" Kwenye simu magoti hayaonekani.

Sitaki kuwaambia muwakataze, mimi mwenyewe ni mtu wa 17 kwa siku. Nyumbani kwangu tumekubaliana mambo mawili. Mwenye shida aandike shida kwa maneno kwanza: kiasi gani, mwisho lini. Mikono ije nyuma ya maneno. Na upande wetu wazazi, mikono ikija na sentensi isiyoeleweka, hakuna kujibu amina. Unapiga. Baba yake alilalamikia gharama za vocha, nikamkumbusha riba ya kikoba, akanyamaza.

Juzi Jumamosi saa nne usiku binti akatuma 🙏, peke yake, bila hata shikamoo. Moyo ukapiga. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Akapokea anacheka, nyuma yake nasikia wenzake wanagombania chumvi.

"Mama shikamoo! Nilikuwa nakushukuru, yale maparachichi uliyotuma kwa basi yamefika."

Nikamuuliza mangapi yamefika yakiwa mazima. Mawili tu ndiyo yalipondeka.