Plagi haina kosa, mfuko wa mkulima ndio unaoumia

KILA unapoingia mwezi Juni, asubuhi za Njombe na Makete huanza kwa sauti ile ile: kiki ya pikipiki inapigwa mara kumi, mara ishirini, na injini haiitiki. Nyuma yake kumefungwa gunia la viazi au madumu ya maziwa, na barabara ambako lori linapakia iko mbali, kwa njia ya shamba yenye mawe na makorongo. Lori likijaa linaondoka. Aliyechelewa anarudi na mzigo wake nyumbani, au anamuuzia mchuuzi wa kijijini kwa bei anayoitaka mchuuzi.

Tiba inayojulikana na wengi ni kununua plagi. Ya zamani inafunguliwa, inaonekana nyeusi kama mkaa, inatupwa kando ya banda, na mpya inafungwa. Injini inawaka kwa kiki moja na kila mtu anaridhika. Wiki mbili baadaye plagi mpya nayo imekuwa nyeusi, na safari ya duka la spea inaanza tena.

Plagi iliyo katika injini nzima hudumu kwa maelfu ya kilomita. Inayokufa kila baada ya wiki mbili haikufa kwa ubovu wake, bali imeuawa, na aliyeiua bado yumo ndani ya injini.

Plagi yenyewe hutoa ushahidi, mradi mtu aitazame kabla ya kuitupa. Ncha yenye rangi ya kahawia iliyopauka ni ya injini yenye afya. Masizi meusi makavu, yanayofutika kwa kidole, ni dalili ya petroli nyingi na hewa kidogo. Weusi wenye utelezi wa oili ni habari nyingine, na mbaya zaidi: oili inapenya kwenye ringi za pistoni au kwenye sili za vali. Ikitoka imelowa petroli tupu, huenda injini imekunywa kupita kiasi kwa kupigwa kiki nyingi choki ikiwa imefungwa, au cheche haipatikani kabisa.

Kwa wakulima wa nyanda za juu, masizi makavu ndiyo yanayostahili kuzungumzwa zaidi. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unapita meta 2,600. Katika kimo cha meta 2,000 hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya tano. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani haijui kama imepandishwa mlimani; inaendelea kumimina petroli karibu ile ile huku hewa imepungua. Mchanganyiko unakuwa mzito, masizi yanajaa. Dawa yake ni jeti ndogo kidogo na kurekebisha skrubu ya hewa, kazi ya fundi anayejua kabureta, wala si kazi ya muuza plagi. (Pikipiki za kisasa zenye sindano ya kielektroniki hujirekebisha zenyewe, lakini njia za shamba bado zimejaa za kabureta.)

Baridi nayo huongeza tatizo. Petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, ndiyo maana choki iliwekwa. Lakini dereva akishawasha asubuhi anasahau kuirudisha, anaendesha nayo hadi sokoni, na huko njiani anaipaka plagi masizi. Plagi hujisafisha yenyewe ncha yake inapofikia joto la nyuzi 450 za sentigredi hivi. Pikipiki inayowashwa kuchota maji, ikazimwa, ikawashwa tena kwenda kwa jirani, haifiki joto hilo siku nzima.

Halafu kuna vumbi la kiangazi. Chujio la hewa likiziba, hewa inapungua na masizi yanarudi pale pale. Wapo wanaoona ni ujanja kulitoa kabisa ili injini "ipumue". Huo ni ujanja wa gharama. Vumbi linaingia kwenye silinda, linasaga ringi, na mwaka haujaisha plagi imeanza kutoka na oili badala ya masizi. Sponji la chujio huoshwa, hukaushwa, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa, kazi ya nusu saa Jumapili jioni.

Mafuta yenyewe yana historia. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa umeenea hadi serikali ilipopandisha ushuru wake mwaka 2011 ili kuondoa faida ya kuchakachua. Lakini petroli ya chupa iliyokaa juani kando ya njia, au iliyolala miezi kwenye tangi la pampu ya umwagiliaji, huwa imepoteza ile sehemu nyepesi inayohitajika kuwasha injini asubuhi ya baridi. Hakuna plagi itakayoirudisha.

Hata muuza spea ana sehemu yake. Namba iliyoandikwa kwenye plagi ina maana. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka. Kwa Bosch ni kinyume. Anayebadilisha kampuni kwa kufuata namba tu anaweza kumfungia mkulima wa Makete plagi isiyowahi kupata joto la kujisafisha. Kitabu cha pikipiki kinataja aina inayofaa, na baadhi huruhusu ya moto zaidi kwa sehemu za baridi.

Kwa nini basi makosa haya yanaendelea ilhali mafundi wengi wanayajua? Jibu liko kwenye malipo. Mwenye pikipiki hukubali kulipia plagi kwa sababu anaishika mkononi, lakini akiambiwa alipie saa moja ya kukagua kabureta anauliza, "Kwani umefunga nini?" Fundi naye ana watoto. Anajifunza haraka kwamba ukweli haulipi na plagi inalipa.

Kwa pikipiki za hesabu mambo ni magumu zaidi. Mara nyingi dereva hulipia matengenezo madogo na mwenye chombo makubwa. Plagi ni ndogo, dereva anainunua kimya kimya na kuwahi mzigo. Ringi ni kubwa, na akizitaja huenda pikipiki ikasimama naye akakosa riziki. Hivyo habari za ugonjwa hazimfikii tajiri hadi moshi wa buluu uonekane barabara nzima.

Makubaliano yanaweza kubadilishwa bila gharama. Tajiri adai aletewe kila plagi iliyotolewa, na alipie yeye kuosha chujio na kukagua kabureta kabla ya Juni. Fundi alipwe kwa kukagua, hata asipofunga kitu, kisha amkabidhi mteja plagi ya zamani na kumwambia imekufa kwa nini.

Na asubuhi ile injini ikigoma, dereva aache kupiga kiki na choki ikiwa imefungwa. Aifungue choki, avute mafuta hadi mwisho, apige kiki mara kadhaa ili petroli iliyojaa itoke, kisha ajaribu upya. Ikishindikana, afungue plagi, aikaushe, aivike kofia yake na kuigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake kwani mvuke wa petroli hulipuka. Cheche ikiwa ya buluu na yenye nguvu, fedha ya plagi ibaki mfukoni.